Matege, Jua na Homoni: Uhakiki wa Istilahi za Sayansi ya Mifupa

Utangulizi

Mswada tunaouhakiki hapa umeletwa kutoka Songea, mkoani Ruvuma. Ni tafsiri ya maelezo ya kurasa 19 juu ya maisha ya kazi ya Profesa Michael F. Holick, tabibu na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Boston nchini Marekani, ambaye jina lake limefungamana na utafiti wa vitamini D na wa homoni zinazotawala mifupa. Mfasiri ameukusudia mswada wake kwa walimu wa sayansi wa shule za sekondari na kwa wauguzi wa zahanati. Kwa kuwa haujapigwa chapa, hatutamtaja mfasiri jina. Twazungumza juu ya maneno yake tu.

Hapana budi kumpongeza kwanza. Sentensi zake ni fupi na zinasomeka. Hakuijaza kurasa mabano ya maneno ya kigeni, kama wafanyavyo wengi. Alipohitaji urujuanimno, tezi, figo na ini, alitumia maneno yaliyokwisha kukubalika, wala hakujitia kubuni mapya. Kasoro yake kubwa ni moja, nayo hurudi karibu kila ukurasa: neno moja hubebeshwa vitu viwili au vitatu ambavyo sayansi imechukua miaka mingi kuvitenganisha.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba haya ni mambo ya wanaistilahi tu. Sivyo. Katika tiba, dawa hufuata jina. Neno atakaloliandika muuguzi wa Namtumbo katika kadi ya mtoto ndilo litakaloamua kama mama ataambiwa amwoteshe mtoto jua, ambadilishie chakula, au atafute maji mengine ya kunywa.

1. Nani aligundua nini

Ukurasa wa kwanza wamwita Profesa Holick "mgunduzi wa vitamini D". Sifa hiyo si yake, naye haihitaji. Mwaka 1919 Edward Mellanby wa London alionyesha kwamba mbwa waliolishwa vyakula fulani walipata ugonjwa wa mifupa laini, na kwamba mafuta ya ini la samaki aina ya chewa yaliwakinga. Mwaka huohuo Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwaponya watoto wenye ugonjwa huo kwa taa ya urujuanimno. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Baltimore alikipa kitu kilichomo katika mafuta hayo herufi ya nne, yaani D. Profesa Holick alizaliwa mwaka 1946, wakati vitamini D ilipokuwa tayari imo vitabuni.

Alichokifanya ni jambo jingine, nalo ni kubwa. Alikuwa mwanafunzi katika maabara ya Hector DeLuca, Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka 1968 maabara hiyo ilikuwa imetambua umbo ambalo vitamini D hulipata baada ya kupita katika ini. Mwaka 1970 Fraser na Kodicek wa Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba figo nazo hulibadili umbo hilo. Mwaka 1971 Holick na wenzake walilitenga na kulitambua zao hilo la mwisho, ambalo ndilo lifanyalo kazi katika utumbo. Mswada umeyafupisha yote hayo kwa maneno haya: "alithibitisha kuwa vitamini D hukomaa mwilini". Kwa neno hilo moja, kukomaa, msomaji ananyimwa kiini cha ugunduzi wenyewe: kwamba hatua ni mbili, katika viungo viwili, na kwamba mazao yake ni mawili.

2. Vitamini iliyo homoni

Neno vitamini lilianzishwa na Casimir Funk mwaka 1912. Tangu hapo limekuwa na maana ya kitu ambacho mwili hauwezi kujitengenezea cha kutosha, hivyo lazima kiingie pamoja na chakula. Vitamini D haikai vizuri ndani ya maana hiyo. Ngozi ikipigwa na miale ya urujuanimno hujitengenezea vitamini D kutokana na kitu cha jamii ya kolesteroli kilichomo ndani yake. Ini huibadili mara ya kwanza, figo mara ya pili. Zao la figo huchukuliwa na damu mpaka katika utumbo, likauamuru ufyonze kalsiamu. Na kitu kinachotengenezwa na kiungo kimoja, kikasafirishwa na damu ili kukiamuru kiungo kingine, ndicho tukiitacho homoni.

Jina lenyewe, basi, lina kosa la kihistoria. Hatupendekezi lifutwe, jina lililokwisha kuenea duniani kote halifutwi na makala moja. Lakini kwa sababu jina la jumla limepotoka, majina ya sehemu zake hayana budi kuwa sahihi zaidi. Mswada wasema "vitamini D iliyokomaa" katika ukurasa wa 4 kwa zao la ini, na "vitamini D iliyokomaa" tena katika ukurasa wa 6 kwa zao la figo. Madhara yake ni haya. Zao la ini hukaa katika damu kwa majuma, na ndilo linalopimwa maabara ili kujua akiba ya mwili. Zao la figo hudumu kwa saa chache tu, na laweza kuonekana liko sawa hata pale akiba inapokuwa imepungua. Muuguzi anayesoma jina moja kwa vyote viwili hatajua ni kipi kilichopimwa. Tena, mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi hawezi kupata zao la pili la kutosha hata akimeza vitamini D ya kawaida kwa wingi. Tabibu humwandikia zao lenyewe likiwa dawa. Hapo jina moja kwa vitu viwili ni hatari.

Twapendekeza utohozi: kalsidioli kwa zao la ini, kalsitrioli kwa zao la figo. Tumechagua utohozi kwa sababu majina hayo ndiyo yatakayoonekana kwenye majibu ya maabara na kwenye chupa za dawa. Mwalimu anayetaka maelezo kwa wanafunzi wake aweza kuongeza "vitamini D ya akiba" na "vitamini D tendaji".

Juu ya kalsiamu yenyewe tuseme neno moja. Mswada mara unaandika "kalisi", mara "chokaa ya mifupa". Chokaa ni ya kupaka ukutani, na mama mjamzito asishawishiwe na tafsiri kuamini kwamba ndiyo anayoihitaji. Kati ya kalisi na kalsiamu twachagua kalsiamu, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka zaidi madarasani.

3. "Homoni ya mfupa"

Kichwa cha sura ya tatu ni "Homoni za Mfupa". Kihusishi -a cha Kiswahili kina upana mkubwa: maji ya mto hutoka mtoni, dawa ya mbu huwaua mbu, wala hatukosei kwa sababu tunavijua vitu vyenyewe. Katika elimu mpya msomaji havijui. Je, homoni ya mfupa ni ile itokayo mfupani au ile iuongozayo mfupa?

Zote mbili zipo. Homoni ya tezi ndogo nne zilizo nyuma ya tezi ya shingo hupandisha kalsiamu katika damu kwa kuichukua mifupani, nayo huziamuru figo kutengeneza kalsitrioli. Kalsitonini, iliyotangazwa na Harold Copp wa Kanada miaka ya mwanzo ya 1960, hufanya kazi kinyume chake. Hizo huuongoza mfupa na hazitoki mfupani. Lakini mwaka 2000 watafiti walitambua kwamba aina moja ya ugonjwa wa kurithi wa mifupa laini hutokana na kasoro ya homoni nyingine, na baadaye ikabainika kwamba homoni hiyo hutengenezwa hasa na seli za mfupa wenyewe, ikaziamuru figo kutoa fosfeti katika mkojo. Mfupa, uliodhaniwa kuwa nguzo tu za nyumba, ukaonekana nao ni mtoa amri.

Mswada umezichanganya zote chini ya kichwa kimoja, na mwanafunzi atatoka darasani akiamini kwamba kalsitonini hutoka mfupani. Lugha yetu ina njia rahisi ya kuepuka hayo: homoni itokayo mfupani, na homoni iongozayo mfupa. Kirejeshi hugharimu silabi chache tu.

4. Matege

Tumefika penye uzito kuliko pote. Mswada watumia neno matege mara kwa mara kwa ugonjwa wa mifupa laini ya watoto, na ukurasa wa 11 wasema wazi: "matege, yaani upungufu wa vitamini D".

Matege ni neno la Kiswahili la siku nyingi, na maana yake kila mtu aijua: miguu iliyopinda kwa nje. Ni jina la umbo. Umbo hilo laweza kuwa la kawaida kwa mtoto anayeanza kutembea, likanyooka lenyewe. Laweza kutokana na upungufu wa vitamini D. Laweza pia kutokana na upungufu wa kalsiamu katika chakula: mwaka 1999 Thacher, Pettifor na wenzao walichapisha utafiti uliofanywa Nigeria kwa watoto 123 wenye mifupa laini, ambao chakula chao kiliwapa takriban miligramu 200 tu za kalsiamu kwa siku. Waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Jua la Nigeria lilikuwapo siku zote. Kilichokosekana kilikuwa katika sahani.

Na kwetu Tanzania iko sababu nyingine ambayo mfasiri hakupaswa kuisahau. Katika sehemu za Arusha, miteremkoni mwa Mlima Meru, maji yana floridi nyingi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Huko wako watoto ambao meno yao yamegeuka rangi na miguu yao imepinda. Wananchi huita hali hiyo matege, nao hawakosei, kwa kuwa wanataja wanachokiona. Atakayekosea ni yule atakayesoma mswada huu, aone neno matege, na kumpa mtoto huyo vitamini D huku akiendelea kumnywesha maji yaleyale.

Kwa hiyo twapendekeza matege libaki jina la dalili, yaani umbo la miguu. Ugonjwa wenyewe uitwe ulaini wa mifupa ya watoto, na mwenzake wa watu wazima ulaini wa mifupa ya watu wazima. Kisha sababu itajwe: ulaini utokanao na upungufu wa vitamini D, utokanao na upungufu wa kalsiamu, au wa kurithi. Madhara ya floridi yapewe jina lake, athari ya floridi mifupani. Majina haya ni marefu, twakiri. Lakini mwalimu wa Songea atakayeyatumia ataweza kuwaeleza wanafunzi kwa nini usipa wa Ziwa Nyasa, unaoliwa mzima pamoja na miiba yake, una nafasi katika somo la mifupa sawa na jua.

Mswada pia umetumia "kusagika kwa mifupa" kwa ule ugonjwa wa wazee ambapo mfupa hupoteza uzito na kuvunjika upesi. Watu wengi husema mifupa inasagika wanapoumwa magoti, yaani maungio. Neno hilo liachiwe maungio. Kwa huo wa wazee twapendekeza wepesi wa mifupa.

5. Jua

"Jua lina vitamini D nyingi," wasema mswada katika ukurasa wa 8. Sentensi hii husikika pia madarasani na katika redio, nayo ni kosa. Jua halina vitamini. Lina miale, na vitamini hutengenezwa na ngozi. Tofauti hiyo ndiyo hasa iliyokuwa kazi ya Profesa Holick baada ya mwaka 1971. Mwaka 1980 yeye na wenzake walieleza hatua za mabadiliko hayo katika ngozi ya binadamu. Mwaka 1982 walionyesha kwamba ngozi nyeusi huhitaji mwanga mwingi zaidi ili kutengeneza kiasi kilekile.

Msomaji akiambiwa kwamba vitamini imo katika jua, ataona jua lolote lafaa: la alfajiri, la nyuma ya kioo cha dirisha, la mchana kutwa. Akiambiwa kwamba ngozi ndiyo itengenezayo, ataweza kuuliza maswali yafaayo. Jua likiwa chini sana miale yake ya urujuanimno ifaayo ni michache. Kioo cha kawaida huizuia. Na ngozi ikishapata kiasi chake, jua la ziada haliongezi vitamini bali huunguza. Zaidi ya hayo, wako miongoni mwetu watu wenye ualbino, ambao jua huwaletea saratani ya ngozi. Kwao ushauri wa jumla wa kuota jua ni ushauri wa maangamizi, na vitamini D yao yafaa itafutwe katika chakula au dawa. Mswada hauwataji hata mara moja.

6. Tarakimu bila kipimo

Ukurasa wa 13 wasema: "kiwango kikiwa chini ya 30, mtu ana upungufu". Thelathini ya nini? Kalsidioli hupimwa kwa nanogramu katika mililita au kwa nanomoli katika lita, na nanogramu moja katika mililita ni sawa na nanomoli 2.5 katika lita. Thelathini ya kipimo cha kwanza ni kiwango ambacho wengi hukiona cha kutosha kabisa. Thelathini ya kipimo cha pili ni upungufu ulio dhahiri. Kuna mfano wa nyumbani. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi waliokuwa wamewapima Wamaasai 35 na Wahadzabe 25 hapa Tanzania walichapisha wastani wa 115. Hizo ni nanomoli katika lita, yaani nanogramu 46 katika mililita. Anayelinganisha 115 na 30 bila kipimo atadhani Wahadzabe wamewazidi wenzao karibu mara nne.

Liko pia neno upungufu. Mwongozo wa mwaka 2011 wa chama cha Marekani cha wataalamu wa homoni, uliotungwa na kamati aliyoiongoza Profesa Holick, uliweka madaraja mawili: chini ya nanogramu 20, na kati ya 21 na 29. La kwanza ni upungufu. La pili ni hali ya kutotosheleza. Mswada umeyaita yote upungufu, na kwa kalamu hiyo umati mkubwa wa watu wazima umegeuzwa wagonjwa. Madaraja hayo yenyewe yalipingwa tangu mwanzo. Taasisi nyingine ya kitaifa ya Marekani iliona kwamba 20 zawatosha karibu watu wote, na mwaka 2024 chama kilekile kiliacha kulisimamia lengo la 30. Mfasiri wa leo anapaswa kuyaeleza hayo.

7. Hu- ya mazoea, na adabu ya kusifu

Kosa la mwisho si la istilahi bali la sarufi, lakini matokeo yake ni yaleyale. "Vitamini D huzuia kifua kikuu," wasema mswada. Kiambishi hu- hutaja jambo la kawaida, lililothibitika: jua huchomoza mashariki. Matini ya asili ilisema tu kwamba watu wenye vitamini D kidogo wameonekana kupata maradhi fulani zaidi. Kiswahili chaweza kusema hivyo bila taabu: inahusishwa na, huenda, yadhaniwa. Na jambo lenyewe limepimwa hapahapa kwetu. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Dar es Salaam kwa watu wazima 4,000 wenye virusi vya UKIMWI walioanza dawa za kufubaza virusi. Vitamini D haikupunguza vifo wala kifua kikuu cha mapafu. Muuguzi atakayeiamini hu- ile atampa mgonjwa wake tumaini ambalo jaribio limekwisha kulikanusha.

Hu- hiyo ni ndugu wa sifa zilizopita kiasi. Mwaka 2004, baada ya kutangaza kitabu kilichotetea manufaa ya jua, Profesa Holick alitakiwa ajiuzulu uprofesa wake katika idara ya magonjwa ya ngozi, ingawa aliendelea kufundisha katika chuo hichohicho. Kulikuwa pia na mjadala wa hadharani kuhusu fedha za utafiti zilizotoka kwa wenye biashara ya taa za kubabua ngozi. Mswada wasema "alihamia idara nyingine". Tafsiri ya namna hiyo haimheshimu msomaji. Tunalo neno mgongano wa maslahi. Litumike, na msomaji apime mwenyewe. Ugunduzi wa mwaka 1971 hautapungua thamani kwa kuambiwa ukweli wa mwaka 2004.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, twapendekeza yafuatayo yajadiliwe kabla ya kusanifishwa:

(a) Vitamini D: jina la jumla, kwa kile kinacholiwa au kutengenezwa na ngozi.
(b) Kalsidioli: zao la ini, ndilo linalopimwa.
(c) Kalsitrioli: zao la figo, ndiyo homoni.
(d) Homoni itokayo mfupani, na homoni iongozayo mfupa: zisichanganywe kwa -a.
(e) Matege: dalili tu.
(f) Ulaini wa mifupa ya watoto, na ulaini wa mifupa ya watu wazima: magonjwa, yakifuatwa na sababu.
(g) Wepesi wa mifupa: ule wa wazee, kusagika kuachiwe maungio.
(h) Upungufu, na hali ya kutotosheleza: madaraja mawili.
(i) Kila tarakimu ifuatwe na kipimo chake.

Mswada wenyewe twauona wastahili kuchapishwa baada ya kusahihishwa, kwani maelezo ya Kiswahili juu ya sayansi ya mifupa ni machache mno, na mwenye juhudi hizi asikatishwe tamaa. Twawaomba walimu, wauguzi na wafasiri watuandikie, hasa kama katika sehemu zao yako majina ya wenyeji yanayotenganisha mguu uliopinda na mfupa ulio laini. Iwapo yapo, yatakuwa bora kuliko haya yetu.